Reli ya Bunduki ya Bakiri

Reli ya alumini ilikuwa imekataa katakata kuharibika, na Somoe Likwata alikuwa ameichukia jinsi anavyochukiwa binadamu mwenye jina lake na ukoo wake.

Wiki ya sita hii. Ameichoma kwa taa za joto mpaka rangi yake nyeusi ikaanza kunuka. Ameimwagia maji ya barafu ingali moto. Ameiangusha sakafuni kutoka juu ya kabati mara arobaini, ameibana kwenye jiliwa na kuipiga nyundo huku akihesabu kwa sauti. Wapi! Kila akirudisha Jicho juu yake na kuwasha mwanga wa kupimia, sindano ya kipimo inasimama palepale kwenye sifuri.

"Hama," aliiambia asubuhi ile, peke yake karakanani, jasho likimtiririka shingoni. "Hama basi, mwanaharamu wee! Mbona kwa mwanangu ulihama?"

Reli yenyewe ukiiona si kitu cha kutisha. Ni bomba lenye urefu wa kutoka kiganja hadi kiwiko, lina matundu ya hewa pembeni, na huvishwa mtutu wa bunduki kwa mbele ili askari apate pa kushika bila kuungua. Juu yake kuna meno yaliyochongwa, na juu ya meno hayo ndipo Jicho linapokaa, kidude kisichozidi kipande cha sabuni. Hapo ndipo ulipo ugomvi wote. Mtutu ukielekea huku na Jicho likatazama kule, hata kwa unene wa unywele mmoja, Jicho linajua limepotea. Linajifunga, linalala. Na likilala, bunduki inarudi kuwa bunduki ya babu zetu, ya kufyatua kwa kidole.

Likiwa macho, askari hana kidole. Kazi yake ni kubeba na kuelekeza. Jicho linatazama mwendo wa mtu, joto la mwili wake na urefu wa alichobeba, na kabla hujapepesa limeshaamua kama huyo ni jangili au si jangili. Akiwa jangili, bunduki inajipiga yenyewe. Ndivyo sheria ya Pori la Nahimba ilivyokuwa kwa miaka minne sasa, tangu tembo walipobaki mia moja na sita na wakubwa wakasema mkono wa binadamu unatetemeka, unahongwa, una huruma za ovyo. Jicho halihongwi. Limepigwa lakiri huko lilikotoka; ukilifungua linakufa, nawe unafungwa. Fundi wa silaha wa kituo ameruhusiwa kugusa kitako, mkanda, magazini na reli. Basi.

Somoe ndiye fundi huyo. Na mwezi wa tisa, saa sita na dakika saba mchana, Jicho la bunduki ya mwanawe wa pekee lilijifunga na kuandika katika kumbukumbu yake maneno mawili: RELI IMEHAMA. Bakiri akabaki na kidole chake. Mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa na chake pia, na akamwahi.

Tume ikaja, ikasoma maneno yale mawili, ikaamuru: itafutwe reli ngumu isiyohama. Fundi apime, fundi achague, fundi atie sahihi. Na siku ndiyo leo.

*

Afande Ngatunga, mkuu wa kituo, aliingia saa nne na fomu mkononi. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kubisha hodi hata mlango ukiwa wazi.

"Hodi, Mama Bakiri."

"Karibu, Afande. Kaa, kama utapata pa kukaa."

Hakupata. Benchi lilikuwa limejaa reli. Upande wa kushoto zile za nyuzi za kaboni, nyepesi ajabu, ambazo Somoe alizitupa nje ya mashindano siku ya tatu tu: moja ilianguka kwenye saruji ikatoa ufa kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kitu kinachopasuka kwa kuanguka hakifai kupewa mtu anayepanda majabali. Katikati zile za chuma cha pua, nzito kama mchi wa kutwangia. Kulia zile za alumini, za zamani, zilizo kwenye bunduki zote za kituo hadi leo.

"Gari la makao makuu litafika saa kumi," Afande alisema. "Unajua kesho ni nini."

Alijua. Mara mbili kwa mwaka pori hufunguliwa kwa wenye vibali vya asali: wiki ya kutundika mizinga na wiki ya kurina. Kesho wiki ya kurina ingeanza, na watu mia mbili wangeingia na moshi wao na ndoo zao, na majangili wangejichanganya humohumo. Bakiri alikufa wiki ya kutundika.

"Andika chuma cha pua, tufunge habari," alisema Afande. "Ni nzito, sawa. Vijana watalalamika mabega. Watazoea."

"Chuma ni kizuri. Sikatai. Lakini Afande, hii alumini haihami."

"Imehama. Jicho limesema."

"Jicho limesema, mimi sijaona! Wiki sita naitesa kama mwizi aliyekamatwa sokoni. Haihami."

Afande aliitandaza fomu juu ya kiganja chake, akaonyesha kwa kidole. Ilikuwa na vyumba vitatu. Cha kwanza, reli iliyochaguliwa. Cha pili, kasoro iliyoonekana katika reli ya zamani. Cha tatu kilikuwa na maandishi tayari, madogo.

"Soma hapa," alisema, na sauti yake ikashuka. "Kama chumba cha pili utaandika hakuna kasoro, chumba cha tatu kinajijaza chenyewe. Sababu ya kifo: askari alisita kutumia silaha. Na aliyesita hakai ukutani, Mama Bakiri. Kanuni hiyo sikuitunga mimi. Ila mimi ndiye nitakayemwita mchora mabango aje na rangi."

Ukuta ule uko getini. Majina ya waliokufa kazini yameandikwa kwa rangi nyeupe juu ya bluu, na la mwisho kabisa ni BAKIRI S. LIKWATA. Somoe hulipita kila asubuhi akiwa juu ya baiskeli yake, na kila asubuhi huondoa mkono mmoja kwenye usukani akalisalimia.

"Andika chuma," Afande alirudia. "Jina linabaki. Vijana wanapata reli ngumu. Kila mtu analala."

Alipotoka, Somoe alisimama, akakaa, akasimama tena. Alifuta benchi ambalo halikuwa na vumbi. Alichukua kalamu, akaitafuta kalamu ileile iliyokuwa mkononi mwake. Kuna nini cha kuwaza hapa, mwanamke wewe? Chuma ni bora. Kila kipimo kimesema chuma ni bora. Andika, utie sahihi, uende nyumbani ukalale.

Lakini alikuwa fundi kabla hajawa mama wa marehemu, na fundi hawezi kuandika kasoro asiyoiona.

Ndipo macho yake yakashuka chini ya benchi, mahali ambapo kwa wiki sita yalikuwa yakipita kwa kuruka.

*

Mfuko wa plastiki, mrefu, umefungwa kwa utepe wa tume. Ndani yake bunduki ya Bakiri. Tume ilikuwa imesoma Jicho tu, kwa waya, bila kufungua kitu kingine, kisha ikamwachia fundi aitunze. Somoe alikuwa amepima reli mpya kutoka kwenye boksi, ndugu za ile ya Bakiri, tumbo moja. Ile yenyewe hakuigusa. Aliogopa. Si kwamba alikuwa na sababu nyingine ya kujidanganya nayo. Aliogopa tu damu.

Akapiga moyo konde, akakata utepe.

Damu haikuwepo. Palikuwa na vumbi, majani makavu mawili, na bunduki iliyovaa.

Hapa inabidi nikueleze desturi moja ya Nahimba, maana bila hiyo hutamwelewa mama huyu. Bunduki haiingii karakanani ikiwa imevaa nguo. Fundi wa kwanza wa kituo, marehemu sasa, ndiye aliyeanzisha: alisema yeye ni kama daktari, na mgonjwa mbele ya daktari anavua. Basi kila askari, kabla hajavuka kizingiti, huvua kila alichoivika silaha yake, kitambaa, kamba, hirizi kama anayo, na hasa ule utepe wa tyubu ya baiskeli ambao wote huuviringisha kwenye reli ili reli isiwachome kiganja. Huutundika kwenye msumari mkubwa nje ya mlango, huuchukua anapomaliza. Somoe aliupita msumari ule mara kumi kwa siku. Tepe nyeusi zikining'inia. Na katika wiki sita za kuchoma na kupigapiga, haikumjia hata mara moja akilini kwamba bunduki anayoipima mezani si ile inayotembea porini. Huku iko uchi. Kule imevaa.

"Lo," alisema polepole. "Lo, Somoe. Mjinga wewe."

Aliugusa utepe. Ulikuwa na kiraka. Kiraka cha duara, cha rangi ya chungwa, pembeni kimekwaruzwa kidogo na tupa, na alikijua kwa sababu alikibandika mwenyewe. Ilikuwa tyubu yake, ya gurudumu la nyuma. Mwezi wa tisa mwanzoni alinunua mpya, na Bakiri akamwambia, mama, ile kuukuu usitupe, nikatie utepe mrefu, mrefu kabisa. Naye akamkatia, akicheka, akamuuliza kama anataka kujifunga nao suruali.

Somoe alikaa sakafuni. Alilia kwa dakika chache, kwa sauti, bila kujizuia, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Kisha akajifuta kwa kanga, akahesabu raundi za utepe.

Saba.

Aliibana bunduki kwenye jiliwa jinsi ilivyokuwa, akawasha taa, akaweka joto la jua la saa sita mchana. Dakika ya tano, kitu hakuna. Dakika ya kumi na mbili sindano ilitikisika. Mpira ulikuwa umeziba matundu yote ya hewa, ukanywa joto na kulifungia ndani, na kwa vile ulikuwa umevutwa kwa nguvu upande mmoja, alumini iliyopata moto ikaanza kuufuata. Robo ya unywele. Nusu. Dakika ya kumi na tisa Jicho lilitoa mlio mdogo na kifuniko chake kikashuka.

RELI IMEHAMA.

"Nimekupata!" alipiga kelele, akaruka, akajigonga goti kwenye benchi. "Nimekupata, nimekupata!"

Furaha ile ilidumu kama pumzi tatu. Kisha mikono ikaanza kufanya kazi haraka kuliko kichwa. Alichukua reli mpya ya alumini, akaiviringishia raundi tatu, akasubiri. Haikuhama, matundu ya mbele yalibaki wazi, joto likatoka. Raundi tano: ikatikisika, ikarudi. Saba: ikahama, dakika ya kumi na tisa, vilevile. Akahamia kwenye chuma cha pua, raundi saba, dakika ishirini, thelathini, arobaini. Chuma hakikujali kabisa.

Kwa hiyo kasoro aliipata, na angeweza kuiandika bila kusema uongo. Alishika kalamu. Akaiweka.

Mkono hauhitaji raundi saba. Tatu zinatosha kiganja cha mtu yeyote. Sasa kwa nini mwanangu aliomba utepe mrefu?

*

Koplo Stumai Nambunga alikuwa zamu ya mchana, na ndiye aliyekuwa na Bakiri siku ile; Somoe akatuma aitwe. Alikuja akitembea haraka kama kawaida yake, akaivua bunduki yake mlangoni, akatundika utepe msumarini, akaingia. Alipoona bunduki ya Bakiri imerudishwa kwenye jiliwa alisimama wima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Funga mlango, mwanangu. Hesabu hizo raundi."

Stumai hakuhesabu. Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Saba," alisema bila kuangalia.

"Na ya kwako hapo nje?"

"Leo tatu. Kesho..." Alikunja ukingo wa kofia. "Mama, ungeniacha tu."

"Siwezi kukuacha. Saa kumi gari linakuja. Sema."

Basi akasema, kwanza kwa kusitasita, halafu kama maji yaliyotoboa ukingo. Tatu ni za siku zote, kwa ajili ya mkono. Saba ni za wiki ya mizinga. Wakongwe walijifunza wenyewe, mwaka wa pili wa Jicho, na wakawa wanaambizana porini, mmoja kwa mmoja, hawaandiki mahali. Mzinga wa kule ni gogo lililochimbwa, refu, linabebwa begani, likienda kutundikwa au likirudi kurinwa, limepinda kidogo kwa mbele. Jicho halijawahi kuona mzinga. Jicho linaona pembe ya tembo.

"Unaukumbuka mwaka wa kwanza, mama?"

Aliukumbuka. Wiki moja, watu wanane, wote wakatangazwa majangili. Bunduki zililetwa kwake zikiwa zimechafuka, naye akazisafisha vizuri, akazipaka mafuta, akazirudisha. Baadaye ilisemwa chinichini kwamba walikutwa na vibali mifukoni. Afande Ngatunga aliandika barua tatu. Jibu lilikuwa lilelile: Jicho limefunzwa vya kutosha.

"Ndiyo tukaanza kulilaza," alisema Stumai. "Likilala, unamwona mtu mwenyewe. Unamsalimia. Unasema, nyuki wamelala? Mrina asali atakujibu, wamelala, njoo uonje. Kila mrina anajua. Ukisikia hivyo unashusha mtutu. Mimi mwenyewe, mama, kwa macho yangu haya, nimewashushia watu kumi na wanne. Yule Mzee Mchopa wa Kitogolo na wanawe wote wawili. Yule mama mwenye mapacha. Bakiri alikuwa na wake. Jicho lingekuwa macho, hao wote wangelala pale."

"Na siku ile?"

Stumai aliangalia ukutani.

"Alitoka kwenye vichaka, gogo begani. Kama hatua thelathini. Bakiri akamuuliza, nyuki wamelala? Kimya. Akamuuliza tena. Mara mbili, mama, kwa sauti ya upole, kama anavyo... kama alivyokuwa. Yule mtu akageuka na ndani ya gogo mlikuwa na bunduki." Akaionyesha bunduki kwa kidevu. "Jicho lingempiga. Safari hiyo moja, Jicho lingekuwa sawa."

Somoe alitaka kupiga kitu. Alitaka kumpiga Stumai, kwa kuwa yuko hai, na hapohapo alitaka kumkumbatia kwa kuwa yuko hai.

"Nikiandika chuma," alisema hatimaye, "mpira hautafanya kitu. Hata raundi ishirini. Jicho halitalala tena."

"Najua."

"Nikiandika ukweli wote, na mpira humo, mpira utapigwa marufuku na chuma kitakuja vilevile. Nikiandika alumini haina kasoro, mnabaki na mnachokifanya. Na jina la Bakiri linafutwa."

"Mama, usinitazame mimi." Sauti ya Stumai ilipanda. "Usinitazame! Mimi nina watoto wawili. Kesho ni mimi nitakayekuwa kule kwenye vichaka nikiuliza habari za nyuki. Kuna siku naomba kwa Mungu uchague chuma, nielekeze tu, lipige lenyewe, nisiwe na dhambi wala kifo. Naogopa, mama. Tangu siku ile naogopa hata kunawa uso, maana nikifumba macho namsikia akiuliza mara ya pili."

"Pole," Somoe alisema kwa upole, akamshika bega. "Hata mimi, mwanangu. Hata mimi."

*

Saa nane ilimkuta akizunguka karakana. Saa tisa ilimkuta akizunguka. Alipima uzito wa chuma mkononi, akauweka, akapima alumini. Alifikiri kuhusu reli ya tatu, reli ambayo askari angeibonyeza akaamua mwenyewe lini Jicho lilale, akachora hata mchoro wake nyuma ya boksi, halafu akaucheka na kuuchana. Nani angeidhinisha kitu kama hicho? Hicho ndicho walichokikimbia walipoleta Jicho.

Akimwangalia Stumai akilini, mkono ulikwenda kwenye chuma. Binti wa watu, watoto wawili. Reli hii ingemrudisha nyumbani. Akiwaangalia wale wanane, waliopita mikononi mwake kama uchafu wa kusugua kwenye mitutu, mkono ulirudi. Na katikati alikuwepo Bakiri, ambaye alikuwa ameviringisha raundi saba kwa mikono yake, akijua, mtoto wa fundi huyu, akijua vizuri kuliko wote kazi ya kila raundi. Hakuhamiwa na reli. Aliihamisha. Alitaka kumwona mtu kabla ya kumuua.

Hilo ndilo lililomchoma. Ukuta ulikuwa ukimsifu mwanawe kwa uongo, kwamba alikuwa tayari kupiga, chombo kikamwangusha. Na ukweli wa mwanawe, ule alioufia, ndio ambao fomu ilikuwa inauita kosa.

Aliandika haraka, kabla ya roho kugeuka.

Saa kumi kasoro Afande Ngatunga alibisha hodi. Alisoma chumba cha kwanza, akasoma cha pili, akakisoma cha pili tena midomo ikimcheza.

"Alumini," alisema. "Hakuna kasoro."

"Ndiyo, Afande. Ni nyepesi, haipasuki, na katika vipimo vya kanuni haihami. Vipimo vyote viko hapo, yeyote anayetaka aje arudie."

"Mama Bakiri, unajua ulichoandika?"

"Najua."

"Watasema alisita."

"Alisita," alisema Somoe, akaifunika kalamu. "Alisita, Afande. Ndivyo nilivyomlea."

Macho ya Afande yalikuwa yameshuka kwenye benchi, kwenye utepe mweusi wenye kiraka cha rangi ya chungwa, uliokuwa umeviringishwa vizuri pembeni ya jiliwa. Aliutazama kwa muda. Alikuwa amekaa porini miaka kumi na tisa kabla ya kupewa ofisi. Akanyoosha mkono kama anayetaka kuuchukua, akaurudisha mfukoni.

"Karakana yako ina takataka nyingi," alisema. "Wageni wanakuja. Ziondoe."

Akatoka na fomu. Somoe alisikia gari likiingia, likinguruma pale uwanjani, watu wakiamkiana, milango ikifungwa. Likaondoka. Haikuchukua robo saa.

Mchora mabango alikuja na kopo la rangi ya bluu jua likiwa bado kali. Somoe hakwenda getini. Kupitia dirishani alimwona mgongo tu, na mkono ukienda kushoto na kulia, kushoto na kulia. Herufi za jina la Bakiri zilikuwa nyingi. Aliifanya kazi bila haraka. Mama alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili mpaka kazi ilipokwisha, kisha akatoka nje, akailaza baiskeli yake chini ya ukuta wa karakana, akafungua nati za gurudumu la nyuma, akatoa tairi, akavuta tyubu. Mpya kabisa, ya mwezi wa tisa. Akaikata kwa mkasi, tepe ndefu, ndefu kabisa, na kila alipomaliza moja aliitundika kwenye msumari.

Askari wa zamu ya kesho walianza kufika kuchukua silaha zao. Waliona tepe, wakaona baiskeli isiyo na gurudumu, wakamwona yeye. Mmoja mmoja walichukua, wakaamkia, wakaenda zao.

Stumai alikuja wa mwisho. Alishika utepe uliobaki, akaupima kwa urefu wa mkono.

"Mama," alisema, "nizungushe mara ngapi?"

Somoe alikuwa na jibu la mama na jibu la fundi.

"Hilo siwezi kukuchagulia," alisema. "Nimekuachia nafasi tu ya kuchagua."

Akaingia ndani, akakaa kwenye kiti chake akiwa ameupa mlango mgongo. Nje mpira ulianza kulia ukivutwa juu ya alumini, sauti kavu, raundi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kisha kimya kirefu. Somoe alikuwa amefumba macho, vidole vyake vikiwa vimekamata kiraka kile cha rangi ya chungwa.

Mpira ukavutwa tena.